Ousmane Sembène: Riwaya, Filamu na Swali la Lugha

Utangulizi

Mjadala kuhusu lugha ya fasihi ya Kiafrika umezoeleka katika kumbi za mihadhara za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nao mapema: kongamano la waandishi lililofanyika Makerere mwaka wa 1962, makala ya Obi Wali ya mwaka wa 1963, majibu ya Chinua Achebe, na baadaye uamuzi wa Ngũgĩ wa Thiong'o wa kuandika riwaya zake kwa Kikuyu. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba mjadala huo una mlango wa pili, nao ni kisomo. Mwandishi akishaiteua lugha ya watu wake, je, watu hao wataisoma kazi yake? Na ikiwa hawawezi kuisoma, ameandika kwa ajili ya nani?

Ousmane Sembène wa Senegali alilikabili swali hili la pili kabla ya wengi. Alikuwa tayari ametunga riwaya kwa Kifaransa na kusifiwa, kisha akiwa karibu na umri wa miaka 40 akaenda kujifunza kupiga filamu kama mwanafunzi wa kwanza. Makala haya yanafuatilia maisha na kazi ya mwelekezaji huyu kwa kuzingatia zaidi uteuzi wake wa lugha. Hayadai kuzieleza filamu zake zote. Baadhi yazo zitatajwa kwa kupita tu, na nyingine zitasimamishwa kwa muda mrefu kwa sababu zina mengi ya kumpa mtaalamu wa lugha.

Jambo dogo litangulie. Majalada ya vitabu vyake mengi yana jina "Sembène Ousmane", jina la ukoo likiwa mbele kwa mtindo wa madaftari ya kikoloni. Mwanafunzi anayezitafuta kazi hizo maktabani hana budi kuangalia chini ya majina yote mawili.

Kutoka Ziguinchor hadi gati la Marseille

Sembène alizaliwa Januari 1923 mjini Ziguinchor, katika eneo la Casamance, kusini mwa Senegali. Baba yake alikuwa mvuvi Mlebu. Walebu ni jamii ya pwani ya Dakar inayozungumza Kiwolofu, na mzee huyo alikuwa amehamia kusini kutafuta riziki. Hivyo mtoto alikulia katika nyumba ya Kiwolofu iliyozungukwa na majirani Wadiola, na shuleni akakipata Kifaransa. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Marsassoum kwa mjomba wake, aliyekuwa mwalimu na mwanachuoni wa Kiislamu. Masomo ya shule ya kikoloni hayakufika mbali. Alifukuzwa angali kijana mdogo, na masimulizi yanayorudiwa na waandishi wa maisha yake ni kwamba alimpiga mwalimu mkuu, Mfaransa. Baba alimtaka awe mvuvi, lakini bahari ilimtapisha. Akapelekwa Dakar, ambako alifanya kazi za mkono: uashi, umakanika na vibarua vingine. Huko ndiko alikozoea kwenda sinema.

Mwaka wa 1944 aliingizwa katika jeshi la Ufaransa, miongoni mwa askari wa Kiafrika waliojulikana kama tirailleurs, naye akahudumu kama dereva katika nchi ya Nija. Vita vilipokwisha alirudi Dakar na kuukuta mji umechemka. Tarehe 10 Oktoba 1947 wafanyakazi wa reli ya Dakar–Nija waligoma, na mgomo huo ukadumu hadi Machi 1948. Msomaji wa Kenya atakumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1947 ulianza kwa mgomo mkubwa mjini Mombasa.

Kisha Sembène akavuka bahari hadi Ufaransa. Alifanya kazi kwa muda katika kiwanda cha magari cha Citroën mjini Paris, halafu akahamia Marseille na kuwa kuli bandarini kwa takriban miaka kumi. Alijiunga na chama cha wafanyakazi cha CGT na baadaye Chama cha Kikomunisti. Siku moja mzigo ulimvunja mgongo, na miezi aliyokaa bila kubeba kitu ikawa miezi ya kusoma. Maktaba za wafanyakazi zilikuwa na vitabu vya kila namna, ila hakikuwamo kitabu kilichosema kwa sauti ya mfanyakazi Mwafrika. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, yaani kuli mweusi, ilitoka mwaka wa 1956. Yafaa wanafunzi wailinganishe na Kuli ya Adam Shafi (1979), inayosimulia makuli wa Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Shafi alikuwa na lugha ambayo makuli aliowaandika waliizungumza. Sembène hakuwa nayo, angalau si kwenye karatasi.

Riwaya yake iliyompa jina kubwa ni Les Bouts de bois de Dieu (1960), inayohusu mgomo wa reli wa 1947. Wengi nchini Kenya waliisoma kwa Kiingereza katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika wa Heinemann. Anwani yenyewe, "vipande vya miti vya Mungu", inatokana na imani kwamba kuwahesabu watu walio hai ni kuyafupisha maisha yao, basi huhesabiwa kama vijiti. Imani hiyo si ngeni humu nchini, ambako jamii kadhaa huepuka kuwahesabu watoto wao kwa idadi.

Mwanafunzi wa miaka arobaini

Mwaka wa 1960 Senegali ilipata uhuru na Sembène akarejea Afrika. Alisafiri katika nchi kadhaa za Afrika Magharibi na Kati. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba ilikuwa safarini, katika Mto Kongo, alipotambua kuwa vitabu vyake havitawafikia watu aliowaona kandokando ya mto ule. Hawakujua Kifaransa, na wengi wao hawakujua kusoma lugha yoyote. Picha ingewafikia.

Alipata nafasi ya kusomea filamu mjini Moscow, katika studio ya Gorky, chini ya Mark Donskoy, mwelekezaji aliyekuwa mashuhuri kwa filamu zake tatu kuhusu maisha ya Maxim Gorky. Mafunzo hayo hayakuzidi sana mwaka mmoja. Alirudi nyumbani na kamera kuukuu ya Kisovieti, na mwaka wa 1963 akatoa Borom Sarret, filamu isiyotimia nusu saa ambayo wahakiki wengi huiweka mwanzoni mwa historia ya filamu za Waafrika kusini mwa Sahara.

Anwani hiyo ni somo la leksikolojia. Borom ni neno la Kiwolofu lenye maana ya "mwenye", na sarret ni neno la Kifaransa charrette lililotoholewa: "mwenye mkokoteni". Mkokoteni huo unavutwa na farasi, na mwenyewe hubeba watu wasiokuwa na nauli. Manju anamsimamisha, anawasifu mababu zake waliokuwa mashujaa, na sifa zinapokwisha mfuko wake umekwisha pia. Baba mmoja anapakia maiti ya mtoto wake, kisha anazuiwa langoni mwa makaburi kwa kukosa karatasi zinazotakiwa. Mwishowe mtu aliyevaa vizuri anamshawishi aende mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anamnasa, mkokoteni unabaki huko, na abiria ametoweka. Anarudi nyumbani na farasi tu. Mkewe anamkabidhi mtoto na kutoka nje, akiahidi kwamba usiku huo watakula. Filamu haisemi atakipata wapi chakula hicho.

Hata hivyo, lugha ya filamu hii bado ni Kifaransa. Fikra za mwenye mkokoteni, mtu asiyejua Kifaransa, zinasikika kwa Kifaransa fasaha. Kasoro hiyohiyo, ikiwa ni kasoro, imo katika La Noire de... (1966), filamu ya kama saa moja iliyomletea tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa na tuzo kuu ya tamasha la kwanza la Carthage nchini Tunisia. Mhusika wake, Diouana, ni msichana wa Dakar anayechukuliwa na waajiri wake Wafaransa hadi Antibes. Alidhani anakwenda kulea watoto na kuiona Ufaransa. Akajikuta amefungiwa jikoni. Kiini cha kisa kilikuwa habari fupi ya gazeti.

Kuna onyesho moja katika filamu hiyo ambalo halipaswi kumpita mwanafunzi wa fasihi. Barua inafika kutoka kwa mama yake Diouana. Diouana hajui kusoma. Mwajiri anamsomea, kisha, bila kusubiri aambiwe, anaanza kumwandikia jibu na kumtungia maneno. Diouana anainyakua barua na kuirarua. Mama naye hakuiandika mwenyewe, aliandikiwa. Kwa hiyo barua ya mama kwa mwana imepita katika mikono ya watu wawili wasiohusika, kwa lugha isiyo ya mama wala ya mwana. Baada ya hapo Diouana hasemi tena na waajiri wake, na mwisho anajiua bafuni. Sauti yake ya ndani tunaisikia kwa Kifaransa hadi mwisho, jambo linalomfanya mtazamaji ajiulize kama hata mwelekezaji hajamwandikia jibu lisilo lake.

Hawala iliyopita lugha tatu

Jibu la Sembène mwenyewe lilikuja mwaka wa 1968 kwa Mandabi. Hii ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Kiafrika iliyotumia lugha ya Kiafrika, na ilipewa tuzo maalumu ya waamuzi mjini Venice. Msingi wake ni hadithi yake mwenyewe, Le Mandat, aliyokuwa ameiandika kwa Kifaransa. Fedha za filamu zilitoka Ufaransa kwa sehemu kubwa, na masharti yakaja nazo: ilibidi ipigwe katika matoleo mawili, la Kifaransa na la Kiwolofu. Sembène alikubali. Wanaomlaumu kwa kuchukua fedha za mkoloni wa jana wana hoja, lakini wakumbuke kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya Ufaransa usambazaji wa filamu wakati huo ulikuwa mikononi mwa kampuni mbili za kigeni. Asiyepatana na Paris hakuonyesha kitu hata Dakar.

Ibrahima Dieng, mtu mzima mwenye wake wawili na asiye na kazi, anapata hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara mjini Paris. Faranga 2,000 ni zake, 3,000 ni za mama wa kijana, na 20,000 anapaswa kumwekea. Habari inaenea mtaani kabla yeye mwenyewe hajaiona fedha. Wake zake wanakopa mchele dukani kwa jina la hawala. Posta inataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, na cheti kinataka tarehe ambayo Dieng haijui. Picha nayo ina gharama, na mpiga picha anamtapeli. Mwisho anamtegemea jamaa yake, Mbaye, msomi aliyefunzwa kwa Kifaransa na anayejua njia za ofisi. Mbaye anachukua hawala kwa hati ya uwakilishi, kisha anarudi na habari kwamba fedha zimeibwa. Dieng anapewa gunia la mchele.

Kinachoifanya filamu hii iwe muhimu kwa mwanaisimujamii ni mgawanyo wa lugha ndani yake. Watu wa mtaani wanasema Kiwolofu. Makarani wanasema Kiwolofu pale wanapotaka, na wanahamia Kifaransa pale wanapotaka kumfungia mtu mlango. Uhamishaji msimbo hapa ni kufuli. Katika toleo la Kifaransa kufuli hiyo haionekani kabisa, kwa kuwa wote wanasema lugha moja. Matoleo mawili ya filamu moja, yenye kisa kilekile, hayana maana sawa. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba lugha katika kazi ya sanaa si ganda la nje.

Sembène mwenyewe anaonekana katika filamu hiyo akiigiza mwandishi wa barua anayekaa posta na kuwasomea wasiojua kusoma. Mwandishi wa riwaya amejipa kazi ya mtu anayelipwa sarafu chache ili asome kwa sauti. Hakuhitaji kueleza zaidi sababu iliyomtoa kwenye riwaya.

Anwani yake nayo yafaa ichambuliwe. Mandat ni neno la Kifaransa. Bi ni kibainishi cha Kiwolofu kinachofuata nomino. Kiwolofu, kama Kiswahili, kina ngeli, ila alama ya ngeli haikai mwanzoni mwa nomino bali katika kibainishi: nit ki ni "yule mtu", xale bi ni "yule mtoto". Maneno mengi ya mkopo huingia katika ngeli ya b-, kama vile yetu yanavyoelekea kuingia katika ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo Mandabi ni karatasi ya kigeni iliyopewa uraia wa kisarufi, wakati mwenye karatasi hiyo ananyimwa kitambulisho.

Safari ya kisa hiki haikuishia Dakar. Mwaka wa 1980 Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikigeuza kuwa tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha. Neno "hawala" lenyewe ni la Kiarabu, na lilikuwa limekwisha kukaa katika Kiswahili muda mrefu kabla ya posta ya kikoloni. Kisa kilichoandikwa kwa Kifaransa, kikaigizwa kwa Kiwolofu mbele ya kamera, kikafika jukwaani kwa Kiswahili, na mtazamaji wa Dar es Salaam hakuhitaji kufafanuliwa foleni ya ofisi ni nini. Inasikitisha kwamba tamthilia hii hutajwa zaidi katika orodha za tafsiri na mabadilisho kuliko inavyochambuliwa kwa haki yake.

Konsonanti moja au mbili

Baada ya Mandabi, Sembène hakurudi nyuma. Emitaï (1971) inasimulia kijiji cha Wadiola kinachokataa kutoa mchele kwa jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na Wadiola humo wanasema Kidiola. Xala (1975) ni dhihaka kali kwa matajiri wapya. El Hadji Abdou Kader Beye anaoa mke wa tatu na usiku wa harusi anajikuta hana nguvu za kiume. Hiyo ndiyo maana ya xala, ambayo x yake hutamkwa kama kh katika "khatari". Binti yake, Rama, anajibu kwa Kiwolofu kila baba anapomsemesha kwa Kifaransa. Baadaye, biashara ikiwa imemwangukia, El Hadji anaomba kujitetea kwa Kiwolofu mbele ya wenzake wa chama cha wafanyabiashara. Wanamkatalia. Hata matusi, wanaona, yatolewe kwa Kifaransa. Serikali ilikata sehemu kadhaa za filamu kabla ya kuiruhusu ionyeshwe Senegali.

Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970, Sembène pamoja na mwanaisimu Pathé Diagne walianzisha gazeti la Kiwolofu lililoitwa Kaddu, yaani "neno" au "kauli". Jambo hili halitajwi vya kutosha. Linaonyesha kwamba kwake filamu haikuwa sababu ya kuitupa maandishi ya lugha ya Kiafrika. Alitaka yote mawili: picha kwa leo, na kisomo kwa kesho.

Gazeti hilo linasaidia kueleza lililotokea mwaka wa 1977. Sembène alimaliza filamu Ceddo, inayorudi karne kadhaa nyuma kwenye jamii ya Wawolofu iliyobanwa kati ya imamu anayetaka kuwasilimisha watu kwa nguvu, padri asiye na waumini, na mfanyabiashara Mzungu anayenunua watumwa kwa bunduki. Ceddo ni watu wa kawaida wanaokataa kuacha mila zao. Binti mfalme, Dior Yacine, anatekwa nao, kisha anarejeshwa kijijini na kumuua imamu kwa risasi. Filamu ilipigwa marufuku Senegali. Sababu rasmi iliyotolewa ilikuwa tahajia: serikali ya Rais Léopold Sédar Senghor ilikuwa imetoa amri kuhusu uandishi wa Kiwolofu, na kwa mujibu wa amri hizo neno hilo lilipaswa kuandikwa kwa d moja. Sembène aliandika d mbili na akakataa kuiondoa hata moja.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kudhani huu ni mzaha. Katika Kiswahili Sanifu kurudufu konsonanti hakutofautishi maana, ukiacha visa kama "nne", ambapo nazali ya kwanza ni silabi kamili. Katika Kiwolofu urefu wa konsonanti ni wa kifonimu: neno lenye konsonanti moja na neno lenye konsonanti ndefu yaweza kuwa maneno mawili tofauti. Kwa hiyo suala lilikuwa la kiisimu kweli, na Pathé Diagne hakuwa mtu wa kubahatisha katika isimu. Wakati huohuo, hakuna aliyeamini kwamba herufi ndiyo iliyoitisha serikali. Senegali ni nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, wenye viongozi wa tarika wenye uzito mkubwa kisiasa, na filamu iliishia kwa imamu kuuawa na mwanamke. Tahajia ilikuwa pazia. Lakini hata pazia huchaguliwa. Kwamba rais mshairi, gwiji wa Kifaransa na mtu ambaye mwaka wa 1983 angechaguliwa kuingia katika Chuo cha Ufaransa, aliona inafaa kutumia sarufi ya Kiwolofu kuzuia kazi ya Kiwolofu, ni jambo la kutafakariwa na kila anayeshughulika na upangaji lugha. Usanifishaji ni chombo, na chombo kina mwenye kukishika.

Mwaka huohuo wa 1977, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, ilipigwa marufuku baada ya kuigizwa Kamĩrĩĩthũ, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka. Kazi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wa moja kwa moja. Zilikuwa na hadhira ya namna moja. Ceddo haikuonyeshwa hadharani Senegali hadi baada ya Senghor kuondoka madarakani mwisho wa mwaka wa 1980.

Kazi za baadaye

Miaka mingi ilipita kabla ya filamu iliyofuata. Camp de Thiaroye (1988), aliyoielekeza pamoja na Thierno Faty Sow, inahusu tarehe 1 Desemba 1944, siku ambayo jeshi la Ufaransa liliwafyatulia risasi askari wake wa Kiafrika huko Thiaroye, karibu na Dakar. Askari hao walikuwa wametoka katika kambi za mateka za Wajerumani na walidai malipo yao. Senghor naye alikuwa ameyaombolezea mauaji hayo katika shairi. Filamu iligharimiwa na Senegali, Algeria na Tunisia bila mchango wa Ufaransa, ikapata tuzo maalumu ya waamuzi mjini Venice, na kwa miaka mingi haikupata nafasi ya kuonyeshwa Ufaransa. Serikali ya Ufaransa ilikubali rasmi kuyaita matukio hayo mauaji ya halaiki mwaka wa 2024. Lugha inayotawala filamu ni Kifaransa kilichovunjika cha kambini, kisicho cha jamii yoyote, kilichofundishwa askari ili waelewe amri. Wanakitumia kupanga maasi.

Guelwaar (1992) na Faat Kiné (2000) zina nguvu zake, hasa ya kwanza, yenye kisa cha Mkatoliki aliyezikwa kwa makosa katika makaburi ya Waislamu na hotuba kali dhidi ya misaada ya chakula.

Kilele cha uzeeni kilikuwa Moolaadé (2004), aliyoipiga akiwa amevuka miaka 80 katika kijiji cha Burkina Faso. Wasichana wanakimbia kutahiriwa na kumwendea Collé Ardo, mama aliyekataa binti yake apitie kisu hicho. Collé anafunga kamba ya rangi mlangoni: huo ni moolaadé, hifadhi ambayo hakuna awezaye kuivunja ila aliyeitoa. Wazee, badala ya kujibu hoja, wanazikusanya redio za wanawake na kuzichoma moto mbele ya msikiti. Sembène alijua kinachoogopwa. Ni sauti inayoingia nyumbani bila kuhitaji kisomo. Filamu ilipata tuzo ya kitengo cha Un Certain Regard mjini Cannes. Nchini Kenya, ambako sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa mwaka wa 2011, inafaa sana kwa mijadala ya darasani.

Lugha ya Moolaadé ni Kibambara, wala si Kiwolofu. Kwa hiyo kumwita Sembène mtetezi wa lugha ya mama hakutoshi. Alitumia Kidiola kwa Wadiola na Kibambara kwa kijiji cha Wabambara. Kigezo chake kilikuwa lugha ya watu waliomo katika kisa, iwe yake au isiwe. Wala hakuacha kuandika kwa Kifaransa: Le Dernier de l'Empire ilitoka mwaka wa 1981, na Niiwam mwaka wa 1987. Wanaomnukuu kama mtu aliyekitupa Kifaransa hawajazisoma kazi hizo.

Pia isidhaniwe kwamba filamu zilimpa hadhira yote aliyoitafuta kule Mto Kongo. Majumba ya sinema yalipendelea filamu za Kihindi na za Kimarekani. Mara nyingi Sembène alizibeba filamu zake mwenyewe hadi vijijini, akatandika shuka, akaonyesha, kisha akakaa na watazamaji kujadiliana hadi usiku. Aliita sinema shule ya jioni, na kwa maana hiyo alikuwa mwalimu anayetembea na ubao wake. Alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha tamasha la filamu la Ouagadougou mwaka wa 1969.

Alifariki tarehe 9 Juni 2007 nyumbani kwake Dakar, akiwa na umri wa miaka 84. Nyumba hiyo aliipa jina Galle Ceddo, na d zilikuwa mbili. Kwa miongo kadhaa alikuwa ameandaa filamu kubwa kuhusu Samori Touré, aliyepigana na Wafaransa hadi alipokamatwa mwaka wa 1898. Mswada uliandikwa, fedha hazikupatikana, na filamu hiyo haikupigwa.